Mashahidi wa Ufukwe

Mbele ya Pangani, mwendo mfupi wa mashua kutoka kijiji cha Ushongo, liko fungu la mchanga liitwalo Maziwe, ambalo wazee wa pwani ile wanalikumbuka lilipokuwa kisiwa kamili chenye mivinje mirefu, kivuli cha wavuvi wakati wa jua kali na kituo cha ndege wa bahari. Lakini ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980 miti ile ilikuwa imekwisha yote, mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi ukabaki kutembezwa na mawimbi ya kusi na kaskazi, na siku hizi maji ya bamvua yakijaa macho hayaoni kitu mahali pale ila bahari. Juu ya sababu ya maangamizi hayo kauli ni nyingi: wako wanaolilaumu shoka, wako wanaoitaja mikondo iliyogeuza njia yake, na wako wanaoona kwamba bahari yenyewe inapanda, na yamkini kila mmoja wao ameshika sehemu ya ukweli.

Katika miaka ya 1970 watafiti walikihesabu kisiwa hicho kuwa miongoni mwa mahali bora kabisa pa kasa kutagia katika pwani yote ya Tanzania. Kisiwa kimezama, walakini kasa hawakuacha kuja. Jike la kasa, baada ya kukaa baharini miaka 20, 30 au zaidi mpaka apate kupevuka, hurejea kutaga katika pwani ya asili yake, akiongozwa na maarifa ambayo wanadamu mpaka leo wanayachunguza kwa mshangao, naye hana namna ya kujua kwamba mchanga anaouchimba usiku huu utalala chini ya maji kabla mwezi haujaandama tena. Yai la kasa hupumua kupitia ganda lake. Likikaa majini hufa. Kwa hiyo viota vinavyoonekana Maziwe huhamishwa, na watu wa pwani huyavusha mayai hayo kwa mashua mpaka Ushongo, wakayafukia juu ya mpaka wa maji makuu, wakangoja.

Kazi hii ya kuhamisha mayai, kwa mtu aliyesimama mbali, yaonekana kuwa kazi ya kitoto. Lakini aliyepata kuipigia magoti anajua ni amana ya namna gani. Kiinitete kilichomo ndani ya yai, saa chache tu baada ya yai kutagwa, hujishikiza upande wa juu wa ganda, na tangu hapo yai likigeuzwa, uhai uliojishikiza hukatika. Basi mhamishaji hukimbizana na saa. Hufukua mchanga kwa viganja, si kwa jembe wala koleo, mpaka vidole viguse la kwanza; hulitoa bila ya kulizungusha, akaliweka ndani ya ndoo yenye mchanga mbichi uliochotwa mle mle kiotani, kisha la pili, kisha la tatu, huku mwenzake akihesabu kwa sauti na kuandika, mpaka yatimie mia na ushei, maana idadi ya kiota kimoja aghalabu huwa baina ya 100 na 150. Kule yaendako, shimo huchimbwa kwa kina kile kile na kwa umbo lile lile alilolichimba mama kwa mapezi yake ya nyuma, yaani shingo nyembamba na tumbo pana, ili unyevu na joto viwe kama alivyovikadiria yeye. Hakuna katika haya yote jambo linalohitaji nguvu. Lahitaji utulivu wa mkono, na uaminifu wa daftari.

Nimelitaja daftari makusudi, kwa kuwa ndilo ninalotaka kulisema katika sura hii. Watu wengi wakisikia habari ya kujitolea kwa ajili ya maumbile hufikiri mara moja juu ya kuokoa: kumnasua mnyama, kupanda mti, kuokota taka. Yote hayo ni mema. Lakini kwa itikadi yangu huduma iliyo kubwa kuliko zote, na iliyo adimu kuliko zote, ni ushahidi: mtu kuwapo mahali pamoja, siku baada ya siku, akatazama, akahesabu, akaandika kwa haki alichokiona, hata kama alichokiona ni ufuko mtupu. Habari za maumbile ya nchi zetu zisingalikuwako lau si watu hawa. Magazeti hutangaza kwamba kasa wamepungua au wameongezeka. Wataalamu huchora mistari yao inayopanda na kushuka. Na chini ya kila mstari, tukifukua, tutamkuta mtu aliyeamka saa kumi ya alfajiri akatembea peku juu ya mchanga baridi.

Tazameni anachokisoma mtu huyo. Kasa akipanda ufukweni huacha njia mbili za mapezi na mburuzo wa tumbo katikati. Ikiwa alama za mapezi ya mbele zimekabiliana, kushoto na kulia sawasawa, na njia yenyewe ina upana wa kiasi cha mita moja, aliyepita ni kasa uziwa, ambaye hujisukuma kwa mapezi yote mawili kwa pamoja. Ikiwa alama zinapishana, na njia ni nyembamba, huyo ni ng'amba, ambaye hutembea kwa kupokezana mapezi. Mburuzo unaopanda na kushuka bila ya mchanga kutifuliwa ni dalili kwamba jike alighairi, labda kwa kuona taa au kusikia kishindo, akarudi na mimba yake. Mchanga uliotimuliwa eneo pana ni dalili kwamba alitaga, kisha akafukia na kutapanya mchanga ili kuwapoteza maadui. Mtembezi mzoefu husoma haya yote kabla jua halijachomoza, na akishajua ni nani, alipanda wapi na alishuka saa ngapi kwa kukadiria maji, huwa ameandika sahifa moja ya tarehe ya bahari ambayo chombo kinachoruka angani hakiwezi kuiandika.

Baharini kwetu wako kasa wa aina 5 katika 7 walioko duniani: kasa uziwa na ng'amba, ambao ndio hasa wanaotaga katika fukwe za Tanzania na Kenya, kigome, ambaye hutaga kwa nadra, kisha duvi na noa, ambao hupita katika maji yetu wakiwa safarini. Safari zao hazijui mipaka. Kasa waliofungwa vyombo vya setilaiti baada ya kutaga katika visiwa vya Komoro na Mayotte wamefuatwa mpaka malisho ya nyasi bahari katika pwani ya Afrika Mashariki, na ndugu zetu walioko Oman wanajua kwamba huko Ras al-Jinz, mahali palipowekewa hifadhi tangu mwaka 1996, maelfu ya kasa uziwa hupanda kila mwaka. Almuradi, mtu anayelinda kiota kimoja kisiwani Mafia analinda mali ya bahari nzima, na daftari lake lina haja ya kusomwa pamoja na madaftari ya wenzake wa ng'ambo.

Mafia ndiko hadithi hii ilikopata mazingatio yake makubwa kwa upande wa Tanzania. Mnamo mwaka 2001 ilianza kule kazi ya kuwalinda kasa na nguva, kazi ambayo baadaye ikawa jumuiya ya Sea Sense na kuenea Pangani, Dar es Salaam, Rufiji, Kilwa na Mtwara. Wakati huo karibu nusu ya viota vya Mafia vilikuwa vikifukuliwa na mayai yake kuliwa. Waanzilishi wangaliweza kuomba askari. Badala yake waliwaendea wenye fukwe. Kijiji kwa kijiji walichaguliwa watu, wengi wao wavuvi, wakafundishwa kutambua nyayo, kupima gamba kwa utepe, kuhamisha mayai na kuandika. Na ikawekwa ada ndogo kwa kila mwanakijiji anayekuja kutoa habari ya kiota, na nyongeza baadaye kwa kadiri ya vifaranga watakaoanguliwa salama. Katika muda wa miaka michache wizi wa mayai ukawa jambo la nadra. Kisiwa jirani cha Juani, chenye magofu ya mji wa kale wa Kua, kikawa mahali ambapo wageni huja kutazama vifaranga wakitoka mchangani, na fedha wanayoitoa hugawanywa baina ya ulinzi na kijiji.

Wako watu wanaouliza, tena kwa ukali, kama mtu apewaye ada aweza kuitwa mtu wa kujitolea. Swali hili, mimi naona, huulizwa aghalabu na wale ambao chakula chao cha kesho hakina shaka. Mvuvi aliyeacha jarife lake usiku mmoja ili kukaa karibu na kiota ametoa samaki wa usiku ule, na samaki wale walikuwa ada ya shule na unga wa nyumbani. Kumtaka atoe bila ya kurejeshewa chochote si kumfundisha ukarimu, bali ni kuufanya ulinzi wa viumbe kuwa anasa ya wenye nacho. Ujira mdogo hauondoi thawabu. Na dalili yake ni kwamba ada ya kiota haifiki hata robo ya taabu ya miezi miwili ya kukilinda, na bado watu wanalinda.

Mfano wa pili uko Watamu, katika pwani ya Kenya, ambako hifadhi ya bahari iliwekwa tangu mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, zikiwa za kwanza katika nchi hiyo. Hapo mwaka 1997 wakazi walianza kulinda viota, na mwaka uliofuata wakaanza jambo jingine ambalo halikuwahi kutazamiwa: waliwaomba wavuvi kwamba mtu akimnasa kasa wavuni kwa bahati mbaya, asimchinje wala asimtupe kimya kimya, bali atume habari. Mvuvi akituma habari, watu wa jumuiya ile, ambayo leo huitwa Local Ocean Conservation, huja wakampima kasa, wakamkagua, wakamfunga kibati chenye namba kwenye pezi, wakamwachia katika maji ya hifadhi. Naye mvuvi hupewa kifuta jasho kwa muda wake na kwa wavu wake. Tangu mwaka 1998 kasa zaidi ya 20,000 wamerudishwa baharini kwa njia hiyo. Wale walio wagonjwa, waliomeza plastiki, waliokatwa na mishipi au walioota uvimbe, huingizwa katika zahanati yao ya pwani, hutibiwa na kulishwa mpaka wapate nafuu. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini kwangu mimi iliyo tukufu zaidi ni simu ya mvuvi. Kila moja ya simu hizo ni ushahidi uliotolewa kwa hiari na mtu aliyekuwa na nafasi ya kunyamaza.

Sina budi kusimama kidogo juu ya Pemba, ijapokuwa habari yake ni ya majonzi. Mapema mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa kidogo cha Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa hospitali. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2021 watu 7 walikuwa wamekufa Pemba kwa sababu iyo hiyo. Nyama ya kasa yaweza kubeba sumu ambayo chanzo chake hudhaniwa kuwa katika vile anavyovila baharini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haisikiki kwa harufu, wala haiondoki kwa kuchemshwa au kukaangwa. Na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, hata wale wanyonyao maziwa ya mama aliyekula. Sheria za Zanzibar na za Bara zimekataza kumvua kasa, lakini sheria iliyobandikwa ukutani haimfikii mama aliyepelekewa kitoweo na jirani yake kwa wema. Inayomfikia ni kauli ya mtu anayemjua: mwalimu wa madrasa, mkunga, sheha, kijana wa mtaani anayetembea ufukweni na kujua lipi lililotokea mwaka gani na katika kijiji gani. Kupeleka habari hiyo nyumba kwa nyumba, kwa heshima na bila ya kuwalaumu waliofiwa, ni kujitolea kwa daraja ya juu kabisa, nako hakuhitaji chombo wala nauli.

Na wageni je? Pwani yetu hupokea kila mwaka vijana wengi kutoka miji ya bara na kutoka Ulaya na Marekani, wanaolipa fedha nyingi wapate kutumika kwa muda wa majuma mawili au matatu. Sipendi kuwakebehi, kwa kuwa wengi huja kwa nia safi, na fedha zao zimejenga mambo ya haki. Lakini lipo jambo moja ambalo ni lazima lisemwe waziwazi. Vifaranga wa kasa hutoka kiotani wakiwa na akiba ndogo ya nguvu, waliyopewa na kiini cha yai, ambayo imekusudiwa kuwafikisha mchangani, kisha mawimbini, kisha mbali na papa na ndege wa pwani. Na mahali popote vifaranga hao wanapowekwa ndani ya beseni mpaka jioni, ili wageni wafike kwa wasaa wao, wapige picha na kuwaachia mmoja mmoja kwa mkono, akiba ile huliwa bure. Kasa mmoja tu katika elfu, kwa makadirio ya wengi, ndiye anayefikia kupevuka. Mgeni mwema ataomba kushika daftari kabla ya kuomba kushika kifaranga. Atazima taa ya simu yake, maana vifaranga hufuata upande wenye nuru na taa huwapoteza wakaelekea barabarani. Na siku tatu baada ya vifaranga kutoka, atakubali kulala kifudifudi juu ya mchanga kumsaidia mlinzi kufukua kiota, wakahesabu maganda matupu, mayai yasiyoanguliwa na wale waliokufa njiani, kazi yenye harufu mbaya na isiyopigwa picha na mtu, ambayo bila yake hakuna ajuaye kama ulinzi wa miezi miwili ulifaa kitu.

Hesabu hiyo ya maganda ina umuhimu mkubwa zaidi siku hizi kwa sababu ya joto. Yai la kasa halitagwi na jinsia yake, huipata mchangani. Kiota kikiwa na joto la kiasi cha nyuzi 29 za Selsiasi hutoa madume na majike kwa karibu sawa. Joto likizidi, majike huzidi. Likipungua, madume huzidi. Mnamo mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba miongoni mwa kasa wachanga watokao fukwe za kaskazini mwa matumbawe makubwa ya Australia, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Hapa kwetu mti mmoja wa pwani unaotupa kivuli juu ya mchanga waweza kuwa ndio tofauti baina ya kizazi chenye madume na kizazi kisicho nayo, na anayekata mti huo ili hoteli ipate kuona bahari vizuri hajui amekata nini. Ndiyo sababu walinzi hupewa vipima joto vya kufukia viotani, na ndiyo sababu mivinje na mikadi ya ufukweni inastahili kuhesabiwa kama kasa wanavyohesabiwa.

Tukiacha mchanga tukaingia topeni, tutakuta ilimu hiyo hiyo. Kupanda mikoko kumekuwa sherehe ya kila mwaka: huja viongozi, hupigwa picha, hupandwa miche maelfu, na baada ya kusi moja miche mingi huwa imefagiliwa. Sababu ni kwamba msitu wa mikoko una nyumba na vyumba. Mlilana hukaa mbele, unapopigwa na mawimbi, nyuma yake huja mkoko wenyewe wenye mizizi ya magongo, na mui, kisha mkandaa, na mchu, mti wa ajabu, huonekana pande zote mbili, mbele kabisa na nyuma kabisa karibu na chumvi kavu. Anayechomeka mbegu za mkoko mahali pa mlilana, kwa kuwa mbegu za mkoko ni ndefu na rahisi kuchomeka, hupanda kaburi la miche. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, watafiti wa taasisi ya Kenya ya bahari na uvuvi, akiwamo mwanachuoni James Kairo, wamekuwa wakijaribu na kuandika mambo haya tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na juu ya msingi wa hesabu zao wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianzisha mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huuza hewa ukaa iliyohifadhiwa na hekta 117 za msitu, na mapato yake hununua maji ya bomba na vitabu vya shule. Hakuna aliyewapa malipo hayo kwa kupanda tu; wanalipwa kwa kuthibitisha, mwaka kwa mwaka, kwamba miti ingali imesimama, kwa kupima unene wake mmoja mmoja katika vitalu vilivyotiwa alama. Hapa pia daftari ndilo mtaji. Kuruwitu, upande wa Kilifi, wavuvi walifunga kwa hiari yao mwaka 2005 hekta 30 hivi za bahari, wakaziita tengefu, na samaki wakarudi. Chumbe, upande wa Unguja, wavuvi wa zamani wamekuwa walinzi wa matumbawe yaliyohifadhiwa tangu mwaka 1994. Mambo yao yanataka sura peke yake.

Lakini ndege siwezi kuwapita. Ghuba ya Mida, nyuma ya Watamu, ni mahali ambapo maji yakipwa hufunuka uwanda wa matope unaometa, na juu yake, kuanzia mwezi wa Agosti, huteremka ndege wa ufukweni waliozaliwa Siberia, pamoja na ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene kama jambia, ambaye kazi yake ni kula kaa. Huyu hatoki kaskazini ya mbali. Huzaa katika visiwa vya Ghuba ya Uajemi na pwani za Uarabuni, na peke yake katika jamii ya ndege wa ufukweni huchimba pango mchangani akataga ndani. Anapokuja kwetu hufuata njia zile zile zilizofuatwa na majahazi. Kila mwezi wa Januari ndege wa majini huhesabiwa katika maziwa, ghuba na mabwawa ya Kenya na ya nchi nyingi duniani kwa wakati mmoja, na katika hesabu hiyo msimamizi humpokea mtu yeyote mwenye macho mazuri na uvumilivu. Asiyejua majina ya ndege huandika, na anayejua hutaja, na mwaka unaofuata mwandishi aghalabu huwa ndiye anayetaja. Shirika la A Rocha, lenye kituo chake Watamu, huwavisha ndege wa Mida pete za miguuni kabla hawajaondoka mwezi wa Aprili.

Wala mtu wa mjini asiseme kwamba hayo ni ya watu wa pwani. Jumuiya ya maumbile ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1909, na katika ua wa jumba la makumbusho la Nairobi huanza kila Jumatano asubuhi matembezi ya kutazama ndege yaliyoanzishwa na Bibi Fleur Ng'weno mwaka 1971. Watu waliokuja mara ya kwanza kwa kupoteza wakati wametoka humo wakiwa waongozaji, wanachuoni na watetezi wa misitu. Hapakuwa na siri ila kwamba Jumatano ilipofika, mvua au jua, alikuwapo mtu.

Anayetaka kuanza, na aanze alipo. Aliye karibu na bahari amwendee mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa ufuko wake, au ofisa wa uvuvi wa kata, kabla ya masika, kwa kuwa katika fukwe nyingi za Tanzania kasa hutaga kwa wingi katika miezi ya masika na mwanzo wa kusi, na vifaranga hutoka kuanzia Juni hata Septemba. Aulize ni sehemu ipi ya ufuko isiyo na mtembezi, kwa maana kusini ya Kilwa mpaka Mtwara ziko sehemu ndefu zisizokuwa naye. Akikuta nyayo asichimbe, asiwashe taa, wala asichapishe picha yenye kutaja mahali. Asimike kijiti pembeni, hatua kumi mbali na kiota, aandike tarehe, saa, hali ya maji na upana wa njia, kisha apige simu kwa mlinzi wa kijiji. Na asubuhi ya pili arudi tena.